Kompyuta Kuukuu na Mfumo Huria

Atokaye katikati ya Jiji la Arusha kwenda Kwa Mrombo huupa mgongo Mlima Meru na kuelekea kusini, penye vumbi wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa masika. Kandokando ya barabara, baina ya mabucha, magenge na maduka ya vifaa vya ujenzi, mna vibanda vya stesheni. Humo hupigwa chapa barua za kuomba kazi, hutolewa nakala za vyeti, na walimu wa sekondari huleta mitihani yao ndani ya flashi ili ichapwe. Chombo kifanyacho kazi hiyo mara nyingi ni kompyuta iliyokwisha kutumika kwa miaka mingi katika ofisi fulani ya Ulaya au Marekani kabla ya kuuzwa, kupakiwa katika kontena na kufika Afrika Mashariki. Ni mtumba, kama lilivyo shati au kiatu. Ila shati huishi kwa uzi wake tu, na kompyuta huishi kwa maagizo yaliyoandikwa ndani yake. Na maagizo hayo yana mwenyewe.

Tarehe 14 Oktoba 2025 mwenyewe huyo, yaani kampuni ya Microsoft ya Marekani, alikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotolewa mwezi Julai 2015. Mrithi wake, Windows 11, aliyetolewa Oktoba 2021, ana masharti magumu zaidi: kifaa maalumu cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, kumbukumbu ya muda isiyopungua gigabaiti 4, diski isiyopungua gigabaiti 64, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017.

Kompyuta ya mwaka 2013 haikuharibika siku hiyo. Iliwaka asubuhi ya tarehe 15 kama ilivyowaka jana yake. Lakini kila kasoro ya usalama itakayogunduliwa katika mfumo wake baada ya hapo hubaki wazi, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha katika mpango wa kampuni wa kuongezewa muda, nao ni mpango wenye ukomo. Msomaji na achukue mfano wa shule ya kata yenye chumba cha kompyuta kumi za namna hiyo, zilizopatikana kwa msaada au kwa michango ya wazazi. Mkuu wa shule aweza kununua kumi mpya, na hilo si jepesi pale ambapo madawati yenyewe hayatoshi. Aweza kuendelea hivi hivi na kutumaini heri. Aweza pia, kama wafanyavyo wengi mitaani, kumwita kijana aje na nakala ya mfumo isiyo na leseni. Jambo hilo linakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Iko njia nyingine, ambayo haihitaji fedha nyingi wala kuvunja sheria, bali inahitaji maarifa na uvumilivu: kuuondoa mfumo wa zamani na kuweka mfumo endeshi huria.

Mgawaji wa zamu

Mfumo endeshi ni nini hasa? Kwenye miteremko ya Meru, Wameru na Waarusha wamenywesha mashamba yao kwa mifereji tangu enzi za mababu. Maji ni machache, wenye mashamba ni wengi; kwa hiyo huwekwa zamu, na huwapo watu wenye dhamana ya kuona kwamba kila mmoja anafungulia kwa wakati wake na kufunga wakati wake ukiisha. Ndani ya kompyuta maji hayo ni muda wa prosesa. Programu ya kuandikia barua, programu ya kupiga muziki na programu ya kusoma intaneti zote huutaka kwa wakati mmoja. Sehemu ya mfumo endeshi iitwayo kiini huupa kila mwombaji zamu ya milisekunde chache, humnyang'anya, humpa mwenzake, kisha humrudia. Mzunguko huo huenda kasi mno hata mtu aliyekaa mbele ya kioo akadhani kazi zote zinakwenda pamoja.

Kiini hicho hicho hugawa kumbukumbu, huiambia diski ni wapi pa kuandika, na huzuia programu moja isiingilie eneo la nyingine. Kumbukumbu ikijaa, hulazimika kuhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, ambayo ni ya polepole sana ikilinganishwa nayo. Hapo ndipo mtumiaji husema kompyuta yake "imechoka". Mara nyingi si uchovu wa chuma. Ni kwamba mfumo mkubwa umewekwa katika kumbukumbu ndogo, nao unashinda ukihamisha mizigo huku na huko.

Katika mfereji, kanuni za zamu zajulikana na kila mwenye shamba, naye akiona ameonewa aweza kusimama kikaoni na kuzipinga. Katika mfumo unaouzwa kwa siri hali si hiyo. Mwandishi wa programu huandika maagizo yake kwa lugha ambayo binadamu aliyejifunza anaweza kuisoma. Maandishi hayo ndiyo msimbo chanzo. Kisha programu nyingine huyageuza kuwa mfululizo mrefu wa sifuri na moja unaofahamika kwa prosesa tu. Kampuni huuza ule mfululizo wa sifuri na moja, na msimbo chanzo huufungia kabatini. Mnunuzi hupata haki ya kutumia, kwa masharti. Hapati haki ya kusoma, kurekebisha wala kumgawia jirani.

Mwezi Septemba 1983 Richard Stallman, mtaalamu wa programu katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts nchini Marekani, alitangaza azma ya kuandika mfumo endeshi mzima ambao msimbo wake ungekuwa wazi kwa wote. Aliuita GNU. Mchango wake mkubwa huenda ukawa si programu bali hati ya kisheria, leseni iitwayo GPL, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989. Leseni hiyo inamruhusu kila mtu kutumia, kusoma, kubadili na kugawa programu, kwa sharti kwamba akiigawa, iwe kama alivyoipokea au akiwa ameibadili, awape wapokeaji haki zile zile. Kilichokosekana katika GNU kilikuwa kiini. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliwaarifu wenzake kwamba alikuwa akijiandikia mfumo wa kujifurahisha kwenye kompyuta yake yenye prosesa ya 386. Kiini chake cha kwanza, kilichotoka mwezi uliofuata, kilikuwa na mistari ipatayo 10,000 ya msimbo. Mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ya GPL. Kiini hicho, Linux, leo kina zaidi ya mistari milioni 30 iliyoandikwa na maelfu ya watu wa nchi nyingi.

Mwanafunzi anayedhani kwamba hajawahi kukiona na aitazame simu yake. Simu zote za Android, tangu ya kwanza iliyouzwa mwaka 2008, zinaendeshwa na kiini cha Linux. Na tangu Novemba 2017 kila moja ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote zinazoorodheshwa duniani imekuwa ikitumia kiini hicho hicho.

Hapa Kiswahili kina faida ambayo Waingereza hawana. Wao wana neno moja tu la kutaja kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa, na wamelazimika kuandika kurasa nyingi kueleza kwamba wanakusudia maana ya pili. Mswahili husema "bure" na "huru", na hachanganyi. Programu huria huweza kuuzwa. Linalopigwa marufuku ni kumfunga mikono aliyeinunua.

Utu, Ubuntu na Kilinux

Kiini peke yake hakimfai mwalimu. Anahitaji pia dirisha la kutazamia, programu za kuandika na kukokotoa, na njia ya kuziweka. Makundi mbalimbali hukusanya vitu hivyo na kuvitoa kwa pamoja. Debian lilianza mwaka 1993. Kutoka kwa Debian likazaliwa Ubuntu, toleo lililotolewa kwanza Oktoba 2004 kwa gharama za Mark Shuttleworth, mfanyabiashara wa Afrika Kusini ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amesafiri angani. Neno ubuntu ni la lugha za Kinguni, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili kulitambua: mzizi wake ni ule ule wa mtu na utu. Kwa miaka kadhaa, hadi Aprili 2011, kampuni ya Shuttleworth ilituma diski za mfumo huo kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeomba. Kwa mahali ambapo kupakua gigabaiti moja kulikuwa kazi ya usiku kucha, bahasha hiyo haikuwa jambo dogo.

Tanzania nayo ina sehemu yake katika habari hii, na yastahili kukumbukwa zaidi kuliko inavyokumbukwa. Nchi ilianza na kompyuta kwa tahadhari. Mtambo wa kwanza ulifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta kwenda mrama, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na marufuku hiyo ilidumu kwa miaka kadhaa. Zilipoingia tena kwa wingi, zilikuja zikisema Kiingereza tu.

Ndipo Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT+46 na kwa msaada wa Sida, ilipoanzisha mradi wa kuzipa programu huria sura ya Kiswahili. Mradi uliitwa Kilinux, jina lenye mzaha ndani yake: ki- ya Kiswahili na Kichaga mbele ya Linux. Mwezi Desemba 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za kuandika, kukokotoa na kuonyesha ambao menyu zake zote zilikuwa kwa Kiswahili.

Jambo la kutafakari ni kwamba wataalamu hao hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Msimbo ulikuwa wazi, leseni iliruhusu, basi walikaa na kutafsiri. Ugumu ulikuwa katika maneno. Mengine yalikuwapo tangu zamani na yalihitaji kupewa kazi mpya tu: kuhifadhi, kufuta, kuhariri, dirisha. Mengine, kama faili, yalikwisha kuwa ya Kiswahili kupitia masjala za ofisi za Serikali. Mengine yaliwagawa watu na yanawagawa mpaka sasa. Chombo chenyewe huitwa kompyuta na wengi, tarakilishi na baadhi, na wako waliopendekeza ngamizi. Baadaye Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake. OpenOffice iligawanyika mwaka 2010 na kuzaa LibreOffice, ambayo ndiyo inayokuja pamoja na matoleo mengi ya Linux leo, na ndani yake imo tafsiri ya Kiswahili cha Tanzania. Tafsiri hiyo haijakamilika. Programu hubadilika kila mwaka, na tafsiri isiyo na watu wa kuihudumia huchakaa kama paa lisiloezekwa upya.

Kazi yenyewe

Kwa kompyuta ya miaka kumi au zaidi, chaguo moja linalofaa ni Linux Mint, lililoanza mwaka 2006, hasa lile lenye dirisha jepesi liitwalo Xfce. Mahitaji yake ya chini ni kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora, na nafasi ya gigabaiti 20 katika diski. Prosesa iwe ya biti 64. Zile za kale za biti 32 zimeachwa na matoleo mengi. Hata Debian, lililozivumilia kwa muda mrefu, liliacha kutoa mfumo wa kuziwekea katika toleo lake la 13 la Agosti 2025.

Mfumo hupakuliwa mara moja tu, mahali penye intaneti ya kutosha, kisha flashi moja ya gigabaiti 8 huweza kuhudumia chumba kizima, na shule ya jirani pia. Leseni inaruhusu. Flashi ikisha kuandikwa kwa programu maalumu, huchomekwa, kompyuta huwashwa, na mtumiaji hubonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia, mara nyingi F12, F9 au Esc kwa kutegemea mtengenezaji. Mfumo huamka kutoka ndani ya flashi bila kugusa diski. Hii ni sifa ambayo mwalimu hapaswi kuiharakia. Akae nayo siku mbili tatu. Ajaribu sauti, printa, kipanya na mtandao usiotumia waya. Kisipofanya kazi kitu, azime, atoe flashi, na kompyuta itarudi kama ilivyokuwa.

Kuweka mfumo katika diski ni jambo tofauti kabisa. Ukurasa wa programu ya kuwekea huuliza kama diski ifutwe, na anayejibu ndiyo bila kusoma hatapata tena alama za mitihani ya kidato cha nne alizozitunza humo kwa mwaka mzima. Nakala za faili zote na zitengenezwe kwanza katika diski nyingine, na nakala hizo zifunguliwe katika kompyuta ya pili ili kuhakikisha kwamba zinafunguka. Nakala ambayo haijafunguliwa ni tumaini tu. Inawezekana pia kuiacha Windows upande mmoja wa diski na kuiweka Linux upande wa pili, lakini kwa diski ndogo mpango huo hubana pande zote mbili.

Sasa matatizo, maana yapo. Baadhi ya vifaa vya mtandao usiotumia waya, hasa vya Broadcom, huhitaji faili ya ziada ambayo haiji na mfumo, na ili kuipata inahitajika intaneti. Dawa ni kuunganisha kwa waya, au kwa simu kupitia kebo, kwa nusu saa. Programu za hesabu za biashara zilizoandikwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida hazitafanya kazi, na mhasibu wa shule asilazimishwe. Mifumo inayofikiwa kwa kivinjari cha intaneti haina shida hiyo. Vitabu vingi vya kufundishia vinaonyesha picha za menyu za Microsoft. Mwanafunzi aliyefundishwa kubonyeza kitufe cha tatu kutoka kushoto atapotea, na aliyefundishwa kwamba waraka una mitindo, pambizo na aya ataipata njia. Inaweza kusemwa kwamba huo ni upungufu wa ufundishaji na si wa mfumo, ila mtihani hausubiri falsafa.

Kisha kuna safari ya kibandani. Mtihani ulioandikwa kwa LibreOffice shuleni, ukifunguliwa kwa Word kwenye stesheni Kwa Mrombo, huweza kuruka mstari, na swali la kumi likaangukia ukurasa mwingine bila mchoro wake. Sababu mara nyingi ni aina ya herufi. Times New Roman na Arial zina mwenyewe. Matoleo ya Linux huja na herufi za Liberation, zilizotolewa mwaka 2007, ambazo kila moja ina upana sawa sawa na mwenzake, ili mistari ikatike mahali pale pale. Lakini mchapaji asipokuwa nazo, kompyuta yake huchagua nyingine. Basi waraka wa kuchapwa na ugeuzwe PDF kabla ya kutoka shuleni. Virusi vinavyorukia flashi katika vibanda hivyo vimeandikwa kwa Windows na haviamki katika Linux. Hata hivyo flashi huendelea kuvibeba, kama mbu abebavyo malaria asiyougua yeye, na mwalimu atakayeichomeka nyumbani kwake ataviamsha.

Wengine wamepita njia hii kabla. Jimbo la Kerala nchini India limefundisha kompyuta katika shule zake za Serikali kwa Linux kwa miaka mingi, likiwa na toleo lake lenyewe lenye lugha ya Kimalayalam. Karibu zaidi, katika Wilaya ya Karatu, kiasi cha kilomita 140 kutoka Arusha, shirika la Powering Potential lilifunga katika shule za sekondari, Banjika ikiwa mojawapo, kompyuta zinazotumia nguvu za jua. Miongoni mwake ni zile ndogo za Raspberry Pi, ambazo mfumo wake umetokana na Debian. Kwa upande mwingine, Jiji la Munich nchini Ujerumani, lililokuwa limehamishia maelfu ya kompyuta za ofisi zake kwenye Linux kufikia mwaka 2013, liliamua mwaka 2017 kurudi Windows. Hoja zilizotolewa huko zilikuwa za kiufundi na za kisiasa pia, na wenyewe hawajamaliza kubishana.

Jaribio kwa wanafunzi

Mtu anapopakua mfumo wa gigabaiti mbili au tatu kwa intaneti inayokatika, atajuaje kwamba hakuna herufi hata moja iliyopotea njiani, au iliyobadilishwa kwa hila? Watoaji huchapisha pamoja na faili alama yake ya utambulisho, iitwayo SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64. Mpakuaji hukokotoa alama hiyo upya katika kompyuta yake na kulinganisha.

Namna inavyofanya kazi huonekana kwa jaribio dogo. Katika kompyuta iliyoamshwa kwa flashi ya Linux, andika faili fupi yenye sentensi moja: "Mlima Meru uko Arusha." Ihifadhi kwa jina meru.txt katika kabrasha lako la nyumbani. Fungua dirisha la maagizo, andika sha256sum meru.txt, na unakili jibu lote daftarini. Sasa rudi katika faili, badili M ya kwanza iwe m, uhifadhi, na utoe agizo lile lile. Hesabu ni tarakimu ngapi kati ya 64 zimebaki mahali pake. Mwenzako na arudie kwa kubadili nukta ya mwisho badala ya herufi ya kwanza, kisha linganisheni madaftari: je, badiliko la mwisho wa sentensi limegusa mwisho wa alama tu, au limegusa yote?